Kabla Hujawawekea Watoto Filamu ya Kutisha

Wa miaka 9 hadi 12 ndio wenye kazi. Wadogo ukiwakatalia watalia kidogo, kisha watasahau. Hawa wanataka kutishwa, wanashindana nani hatafumba macho, na aliyeogopa hathubutu kusema mbele ya wenzake. Chagua wewe, tena mapema, si wakati wameshajipanga wanagombea rimoti.

Mpimie aliye mdogo kuliko wote chumbani. Mchana ni bora kuliko usiku. Kama kuna watoto wa watu, waulize wazazi wao kwanza.

Itazame mwenyewe yote, trela haitoshi. Na ukisema ulishaitazama, ulikuwa na umri gani? Mimi hapo ndipo nilipoungua. Niliikumbuka Poltergeist ya 1982, nikaona ina alama ya PG, yaani mtoto atazame kwa mwongozo wa mzazi, nikaridhika. Nilichokuwa sikijui ni kwamba enzi hizo Marekani haikuwa na daraja la katikati: PG-13, inayoonya kwamba huenda filamu isiwafae walio chini ya miaka 13, ilianzishwa 1984, baada ya wazazi kulalamikia filamu kama Gremlins. Kwa hiyo PG ya kabla ya hapo ni gunia, limechanganya za watoto kabisa na za kumkosesha mtu mzima usingizi. Kichwani mwangu alikuwa amebaki yule msichana mbele ya televisheni tu. Jamaa anayejichuna uso kwenye kioo nilikuwa nimemsahau. Na yule mdoli wa mchekeshaji wa sarakasi anayemburuta mvulana uvunguni, naye nilimsahau.

Hakuna aliyepiga kelele. Nikadhani wamefurahi. Saa nane usiku binti yangu, miaka 10, akanigongea mlango akiwa na mto wake mkononi, anataka midoli yote itolewe chumbani. Tukaitoa. Akataka nimulike uvungu. Nikamulika. Akataka nimulike tena. Wiki tatu nzima alikuwa anaruka kutoka mlangoni hadi kitandani ili miguu yake isipite karibu na uvungu, na taa ya ukumbini ikawa haizimwi.

Tangu siku hiyo sihesabu damu, nauliza kinachotisha ni kitu gani. Zimwi la kwenye kasri hubaki kwenye kasri lake. Uvungu, kioo, mdoli na mama, hivyo mtoto analala navyo. Ndiyo maana katuni nayo isikudanganye: Coraline ya 2009 ni ya vikaragosi, lakini ndani yake kuna mama wa pili mwenye vifungo badala ya macho. Wapo watakaoipenda sana. Wa kwako unamjua wewe.

Punguza sauti, maana nusu ya kushtuka huwa ni mlio. Kaa nao, usiende kuoga katikati. Ukimwona mmoja amenyamaza kupita kiasi, usimuulize mbele ya wenzake kama anaogopa. Mtume akuletee maji, umpe njia ya kutoka bila aibu. Zima ile tabia ya filamu nyingine kujianzia yenyewe hii ikiisha. Na simu zikusanye, hasa ya yule binamu wa miaka 15, ambaye ukishachagua kwa uangalifu wote huo atawaonyesha yake chini ya blanketi.