SOMO: Kujiandaa kwenda kujitolea La Paz, Bolivia (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, tangu nirudi, inboksi imejaa maswali yaleyale. Naandika mara moja, hapa. Nilikuwa nafundisha watoto masomo ya ziada upande wa El Alto, mji ulio juu ya La Paz.

1. Pasipoti: ibaki na zaidi ya miezi sita.

2. Viza: omba mapema, usikate tiketi kabla haijatoka. Ukiunganisha ndege São Paulo, ulizia masharti ya Brazil pia.

3. Homa ya manjano: kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Tangu 2016 ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10.

4. Taasisi: wakuandikie utafanya kazi gani, nani msimamizi wako, na hela yako inalipia nini. Wakizungushazungusha, achana nao. Vituo vya yatima vinavyopokea wageni wa wiki mbili mbili, kaa navyo mbali. Mtoto anamzoea mtu, mtu anaondoka, anakuja mwingine. Tumeyaona haya Arusha na Moshi na tunayalalamikia. Tusiende kuwafanyia watoto wa wenzetu.

5. Kihispania: anza miezi kadhaa kabla, kila siku. Kiingereza hakitakufikisha popote, si darasani si sokoni. Matamshi hayatakusumbua, vitenzi ndivyo vitakutoa jasho. El Alto wengi wanaongea Kiaymara nyumbani; jifunze angalau "kamisaki", na ukisalimiwa hivyo jibu "waliki".

6. MWINUKO. Hapa soma taratibu. La Paz iko mita 3,600 na ushee, karibu sawa na kambi ya Horombo, ambako mpanda Kilimanjaro hufika baada ya kulala kambi ya Mandara. Uwanja wa ndege uko El Alto, zaidi ya mita 4,000. Yaani unatoka Dar, usawa wa bahari, unashushwa juu kuliko Horombo bila kupumzika popote. Niliyekaa naye chumba kimoja alifika mchana, akapandisha sanduku ghorofa ya tatu kwa haraka. Usiku alikuwa anatapika kwenye beseni, kichwa kinamgonga, kucha zimegeuka bluu, mpaka akawekewa oksijeni.

Ukiweza, ingia kupitia Santa Cruz, mita 400 hivi, kisha lala siku kadhaa Cochabamba, kama mita 2,500, ndipo upande. Siku za mwanzo tembea polepole, kula kidogo, pombe acha. Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, ongea na daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Ukianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umekaa, usisubiri kukuche: hospitali, na kushuka chini.

ONYO: pima selimundu kabla ya kulipa chochote. Kwetu wengi wamebeba kinasaba hiki bila kujua, kwa sababu hawaumwi. Huko juu, hata aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu anaweza kushikwa na maumivu makali ubavu wa kushoto, bandama ikikosa damu. Mwenye ugonjwa wenyewe asithubutu bila ruhusa ya daktari wake.

7. Mizigo: nguo nzito (Juni na Julai usiku ni baridi kali), adapta, na dola safi zisizo na mikunjo, noti iliyochanika kidogo tu wanaikataa.

MASWALI

Mzee wa Fursa: Viza inatoka siku ngapi, na huko wanalipa shilingi ngapi?
— Viza ni namba 2, ulizia ubalozini. Malipo hakuna, ndiyo maana ya kujitolea.

Winga Teleza: Mimi nacheza mpira kila siku, huo mwinuko ni wa wazungu.
— Argentina yenye Messi ilipigwa 6-1 La Paz mwaka 2009. Rudia namba 6.

Nesi wa Korogwe: Asante kwa somo. Vipi malaria? Nibebe dawa za kinga?
— Swali zuri sana, dada. La Paz kwenyewe mbu wa malaria hawafiki. Ukishuka nyanda za chini, kama Beni, hali ni nyingine, hapo ongea na daktari. Ila kuna jambo watu hawaliwazi: unaweza kuondoka na vimelea kutoka nyumbani, homa ikapanda ukiwa kule. Daktari wa milimani hatafikiria malaria. Mwambie mapema umetoka Tanzania, adai kipimo cha damu.

Nesi wa Korogwe: Na chai ya koka wanayoisifia?
— Kule ni halali, wanaikaribisha kila nyumba, na mimi niliinywa. Lakini majani usirudi nayo hata kifurushi kimoja, utakamatwa njiani. Na kama kazini kwako wanapima dawa za kulevya, usiiguse kabisa, kipimo kitaonyesha.

Kijana wa Mbeya: Nitajipikia. Maharage yapo?
— Yapo, ila kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo kwa sufuria ya kawaida utakesha. Nunua sufuria ya presha sokoni kulekule, usibebe ya kwako. Na uyaloweke tangu jana yake.