Somo: Zumu ya 40 au ya 30? Pima kamera mbili ndogo kabla hujalipa

Wengi mnaokuja matembezi ya asubuhi pale Dunga, ufukwe wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu, mmeniuliza swali moja kwa maneno tofauti: ninunue Canon PowerShot SX740 HS au Panasonic Lumix TZ95? Zote mbili zinaingia mfukoni mwa koti, zote zina zumu ndefu (lenzi inayomvuta aliye mbali: Canon mara 40, Panasonic mara 30), na ukisoma karatasi zake utadhani ni pacha. Ya Canon ilitoka 2018, ya Panasonic 2019. Ukikuta tangazo limeandikwa ZS80, usidhani ni nyingine. Ni TZ95 hiyohiyo kwa jina la soko la Marekani.

Nitawapa hatua ninazofuata mimi, na nitangulie kusema ninakoelekea: kwa mtu anayetafuta ndege na wanyama huku kwetu, namba ya zumu siyo ya kwanza kuangaliwa. La kwanza ni kama utaweza kumpata mnyama ndani ya fremu kabla hajaenda zake.

Hatua ya 1: Andika mahali utakaposimama

Usiandike "nataka picha nzuri". Andika "nitakuwa Dunga, kwenye njia ya mbao katikati ya mafunjo", au "nitakuwa juu ya jukwaa la kutazamia wanyama kwenye mbuga ya Saiwa nikimsubiri nzohe, paa wa kwenye maji", au "nitakuwa chini ya miti ya msitu wa Kakamega nikitazama mbega". Dunga kuna mwanga tele, ila ndege ni wadogo na hawatulii. Saiwa ni umbali na subira. Kakamega mnyama yuko karibu, lakini ni giza. Kamera inayokufaa mahali pamoja inaweza kukuangusha pengine, na asiyejua atakaposimama hakuna wa kumshauri vizuri.

Hatua ya 2: Geuza zumu iwe mita

Canon inatoka milimita 24 hadi 960, Panasonic 24 hadi 720. Namba ikiwa kubwa, mnyama anavutwa karibu zaidi. Hizo ni namba za kulinganisha na kamera za filamu ya milimita 35. Lenzi zenyewe ni fupi zaidi. Sasa tuziweke ziwani. Furukombe ametua juu ya mti mkavu, mita 100 kutoka kwenye mashua yako. Ukivuta Canon hadi mwisho, upana wa kile unachokiona kule ni karibu mita 3.6. Kwa Panasonic ni karibu mita 4.8. Furukombe ana kama sentimita 70 kutoka mdomo hadi mkia, kwa hiyo kwenye Canon anachukua kama sehemu moja ya tano ya upana wa picha, kwenye Panasonic kama sehemu moja ya saba. Kamera zote mbili zina megapikseli 20.3, yaani pikseli (vitone vinavyounda picha) milioni 20.3. Basi ndege yuleyule anapata pikseli kama 1,000 huku, na kama 750 kule.

Hiyo ni tofauti ya kweli na siipuuzi. Lakini ipime kwa miguu: mwenye Panasonic akisogea kutoka mita 100 hadi mita 75, wamelingana. Kwenye mashua hayo ni makasia machache, tena polepole, bila kumshtua ndege. Juu ya jukwaa la Saiwa huna pa kusogea, na hapo Canon inastahili sifa yake.

Kuna jambo ambalo karatasi za dukani hazisemi. Jua likishapanda, hewa juu ya maji na juu ya nchi kavu inachemka, na kila kilicho mbali kinaanza kucheza kama kitu kilicho nyuma ya moshi wa jiko. Zumu ya 40 inaukuza mchezo huo pamoja na ndege. Nimeona watu wakirudisha kamera dukani wakisema lenzi ni mbovu, kumbe walipiga picha saa saba mchana. Anza saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa tatu asubuhi uwe umemaliza kazi ya mbali.

Hatua ya 3: Uliza mwanga unaenda wapi

Sensa za kamera hizi, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, zina ukubwa mmoja, takribani milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Tundu la lenzi linaanza na f/3.3 kwa zote mbili; namba ya f ikikua, tundu linapungua. Ukivuta hadi mwisho, Canon inafika f/6.9 na Panasonic f/6.4. Yaani ukivuta zumu yote, mwanga unaopita ni kama robo ya ule wa mwanzo. Kati ya 6.9 na 6.4 tofauti ni ndogo, usiifanye sababu ya kununua. Kinachouma ni ile robo, na inawauma wote wawili.

Kakamega ndiko utakakoiona. Uko Isecheno, ndani ya msitu huo, hondohondo analia juu kabisa, majani yamefunika anga. Unavuta, kamera inapandisha ISO (kiwango chake cha kuhisi mwanga), picha inajaa chembechembe. Ushauri wangu kule ni mmoja kwa kamera zote mbili: usivute hadi mwisho. Vuta nusu, subiri mnyama afike penye mwanya wa mwanga, ndipo upige. Panasonic inakuongezea kitu kimoja, faili za RAW, yaani picha ghafi, ambazo unaweza kuzitengeneza baadaye kwenye kompyuta na kuokoa rangi na sehemu zenye giza. Canon hii inatoa JPEG tu, picha ambayo kamera imeshaitengeneza yenyewe. Kama huna kompyuta na huna mpango wa kukaa usiku ukitengeneza picha, hilo halikuhusu.

Hatua ya 4: Iweke usoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea.

Miaka ya nyuma nilikwenda Saiwa na kamera ndogo isiyo na kitundu cha kuwekea jicho. Ile mbuga ni ndogo kuliko zote za taifa hapa Kenya, na ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Nilikaa juu ya jukwaa tangu alfajiri. Jua lilikuwa mgongoni mwangu, mahali ambapo kila mwalimu wa picha anakuambia liwe. Nzohe akatoka kwenye matete, dume, akasimama maji yakiwa magotini. Nikanyosha mikono, nikavuta zumu yote, na skrini ilikuwa imejaa jua. Niliona uso wangu na anga. Nikaanza kumtafuta kwa kubahatisha, kulia, kushoto, matete na matete tena. Nilipompata alikuwa ameshageuka. Nimerudi na picha kumi na moja za nyasi, na hadi leo naziona.

Ukivuta hadi milimita 720 au 960, kipande cha dunia unachokiona ni chembamba mno. Ukikosea nyuzi moja au mbili tu, mnyama hayupo. Mikono iliyonyoshwa inatetemeka, na kila mtetemo unakuzwa. Kamera ikiwa usoni, una mafiga matatu: mikono miwili na paji la uso. Viwiko unavibana mbavuni, jua halikusumbui, na jicho la pili liko wazi likimtazama mnyama mwenyewe. TZ95 ina kitundu hicho. SX740 haina. Kwangu mimi, kwa ndege, hiyo ndiyo hukumu.

Nitendee Canon haki. Ina kitufe cha kusaidia kutafuta: ukikibana, zumu inarudi nyuma kwa muda na kuonyesha fremu ya pale ulipokuwa, unamweka mnyama ndani, unaachia, nayo inarudi mbele. Ukikizoea kinasaidia sana. Na kitundu cha Panasonic ni kidogo. Mvaaji miwani akijaribu dukani aone kama pembe zote nne zinaonekana. Lakini saa nne asubuhi, ziwa linawaka kama bati jipya, kitundu kidogo kinashinda skrini kubwa isiyosomeka.

Hatua ya 5: Betri na vumbi

Kwa kipimo cha watengenezaji, Canon inapiga picha kama 265 kwa betri moja, Panasonic kama 380 ukitumia skrini, pungufu ukitumia kitundu. Panasonic inachajiwa kwa waya, kwa hiyo pawabenki inatosha ukiwa kwenye mashua. Canon inakuja na chaja ya nje ambayo betri hutolewa na kuwekwa humo; kwa safari ya siku mbili nunua betri ya pili.

Vumbi ni adui wa zote. Lenzi zinazotoka na kuingia huvuta hewa, na hewa ya barabara ya Nakuru wakati wa kiangazi mnaijua. Vumbi likishakaa juu ya sensa huwezi kulifuta mwenyewe, maana lenzi ya kamera hizi haibanduliwi. Beba kamera kwenye mfuko wenye zipu, na usivute zumu ukiwa juu ya bodaboda.

Hatua ya 6: Jaribio la dakika kumi

Nenda na memori kadi yako. Simama mlangoni mwa duka, chagua kibao chenye maandishi upande wa pili wa barabara. Kwa kila kamera piga picha tano zumu ikiwa katikati na tano ikiwa mwisho, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ikiwa 1/500 ya sekunde. Kwenye Canon utageuza gurudumu hadi Tv, kwenye Panasonic hadi S. Kisha fanya jaribio ninalolithamini kuliko yote: funga macho, fungua, na uhesabu sekunde mpaka kibao kiwe katikati ya fremu kwa zumu ya mwisho. Rudia mara tano. Picha zitazame nyumbani kwenye skrini kubwa, si dukani.

Kama ni ya mtumba, ongeza hili: weka f/8, vuta zumu, piga anga tupu. Madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi ndani. Sikiliza pia lenzi ikitoka. Ikikwaruza au ikisita, rudisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada kutoka Kitale: Mwalimu, simu yangu ina megapikseli 50. Kwa nini nibebe kamera ya 20?

Dada, kwa watoto, harusi na chakula mezani usibebe. Simu nyingi za sasa zina sensa kubwa kuliko ya kamera hizi, na ndani ya mita tano simu itakupa picha safi zaidi. Kamera hizi zinaanza kulipa pale ambapo lenzi ya simu imefika mwisho na simu inaanza kukata katikati ya picha na kuitanua. Nenda na simu yako Saiwa, piga jukwaa la pili kutoka jukwaa la kwanza. Ukiridhika, pesa zako zikae.

Ndugu kutoka Nakuru: Mimi nataka heroe wa ziwa letu. Ipi?

Ndugu, unajua kuwa maji ya ziwa yalipopanda, magadi yalipungua, mwani wanaoula ukapungua, na heroe wengi wakahamia kwingine, hasa Bogoria. Kwa kundi, milimita 24 hadi 200 inatosha na kamera zote mbili ni sawa. Kwa heroe mmoja aliye mbali, utakuwa ndani ya gari na kamera imeegemea dirisha, kwa hiyo mtetemo unapungua. Zima injini kwanza. Hapo Canon inakufaa vizuri, kwa sababu una kivuli cha paa la gari na skrini inasomeka. Piga pia wale mwari wanaotua juu ya migunga iliyokufa ndani ya maji. Wako karibu zaidi na wanatulia.

Mwanachama wa Kisumu: Wameniambia Canon inafika hadi 80 ukiendelea kuvuta. Ni kweli?

Zumu ya kweli inaishia 40. Zaidi ya hapo kamera inakata katikati ya picha na kuitanua. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, tena kwa utulivu. Ingia kwenye menyu uizime.

Kijana kutoka Kakamega: Na mwezi je?

Swali zuri. Kwa milimita 960 mwezi mpevu unachukua kama theluthi moja ya urefu wa fremu, kwa 720 kama robo. Hapa Canon ina nafasi. Weka kamera juu ya kitu kisichotikisika, tumia saa ya sekunde mbili ili kidole kisiiguse, na upunguze mwangaza, la sivyo utapata sahani nyeupe.

Mzee wetu wa Dunga: Nataka yule gonolek wa mafunjo, mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Anatokea, anaingia. Nimechoka.

Mzee wangu, huyo hutangulia kuimba, na huitikiana na mwenzake. Usimtafute kwa zumu. Sikiliza, lenga mwanya wa mafunjo ulio karibu na sauti, vuta nusu, na usubiri na kamera ikiwa usoni. Kwenye Panasonic washa ule mpango wa picha 30 kwa sekunde unaotoka kwenye video ya 4K. Kila picha ina megapikseli 8 tu, lakini zinatosha kuchapisha, na moja itamkuta amegeuza uso.

Mama kutoka Nakuru: Nimeona kuna TZ99. Si bora niruke moja kwa moja?

Hiyo ni Panasonic mpya zaidi, ilitoka 2025. Zumu ni ileile ya 30, na sehemu ya chaji ni USB-C kama ya simu nyingi, jambo zuri. Lakini wameondoa kitundu cha jicho. Mama, kama ni ya safari na familia, ichukue. Kama ni ya ndege, tafuta TZ95, hata ya mtumba, na ufanye lile jaribio la anga tupu kabla ya kutuma pesa.