Somo: Sukari ipime kikombeni, chumvi ipime chunguni

Wengi wanaoanza kupunguza mwili huacha sukari na chumvi siku moja. Wiki ya kwanza hushuka kilo mbili, wiki ya tatu mizani inakwama, wakakata tamaa na kurudi kwenye soda na kaimati. Kinachowaponza ni kuvitia vitu hivi viwili katika kapu moja. Sukari ni chakula: gramu moja ina kalori 4, na ikizidi mahitaji ya mwili huishia kuwa mafuta. Chumvi haina kalori hata moja. Yenyewe hushika maji. Ndiyo maana sukari tunaipima kwa mtu, kwenye kikombe chake, na chumvi tunaipima kwenye chungu cha nyumba nzima.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye boflo na vitu vya dukani. Sukari ya kuongeza, na humo imo asali na sukari ya juisi, isifike gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Anayepunguza mwili ashike hiyo 25, yaani vijiko sita vya chai.

Hatua ya 1: Jua unapoanzia

Siku tatu usibadilishe kitu, hesabu tu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Kilichorundikwa hufika 6 au 7. Mtu anayesema "natia vijiko vitatu tu" huenda anatia gramu 20. Vikombe viwili ni 40, soda moja ya mililita 300 inaongeza kama 30. Hizo ni kalori 280 na hajatafuna kitu.

Kwa chumvi, andika tarehe juu ya paketi siku unayoifungua. Nyumba ya watu wazima wanne, paketi ya nusu kilo ikiisha kabla ya siku 25, mmeshapita mpaka, na hapo ng'onda na achari hazijahesabiwa. Nyumba yenye watoto wadogo paketi ikae zaidi ya hapo, kwa sababu mtoto anahitaji kidogo kuliko mtu mzima.

Hatua ya 2: Sukari

Kila asubuhi sawazisha vijiko sita, vitie kwenye kikopo chako peke yako. Chai, uji, juisi, vyote vinatoka humo. Kikiisha kimeisha. Njia hii inashinda kuhesabu kichwani, maana kichwa husahau kikombe cha saa kumi.

Usikate yote kwa pamoja. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo wiki nzima, kisha punguza tena. Ulimi huzoea taratibu, na anayekata ghafla mara nyingi hulipiza kwa halua. Viungo tunavyo tele: chemsha iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai pamoja na majani, si kuvinyunyizia juu mwishoni. Harufu ya mdalasini na iliki huifanya chai ionekane tamu kuliko ilivyo.

Juisi ndipo watu wanapojidanganya. Ukwaju na ubuyu ni vichachu mno, kwa hiyo jagi moja humeza sukari nyingi kabla halijanyweka. Chagua tunda lenye utamu wake: embe bivu na pesheni kidogo, nanasi bivu na tangawizi, bila kuongeza kitu. Hata hivyo glasi moja inatosha. Machungwa matatu ukiyala utashiba. Ukiyakamua utayanywa kwa dakika moja, makapi yanayoshibisha yamebaki kwenye chujio. Juisi ya miwa usiihesabu kama tunda kabisa, ile ni maji ya sukari.

Kaimati zisizamishwe kwenye shira. Zipange kwenye sahani, mwagia kijiko kimoja juu, kula mbili au tatu. Na kahawa chungu haihitaji kipande kizima cha halua: kata saizi ya kidole gumba, weka sahani mbali.

Hatua ya 3: Chumvi

Acha kutia kwa mkono. Mkono wa jana si mkono wa leo. Tumia kijiko kile kile, na anza kwa kupima unachotia sasa, kisha punguza robo yake kila baada ya wiki mbili mpaka ufike nusu.

Tia chumvi mwishoni. Ukiitia mapema na mchuzi ukakauka, maji yanaondoka na chumvi inabaki, ladha inakuwa kali. Kwenye vyakula vya nazi kosa ni jengine: mpishi huonja kabla ya tui zito, akatia, kisha tui likaipoza ladha, akatia tena. Onja mara moja tu, tui zito likishaiva. Ukiona bado kumepooza, kamua ndimu kabla hujagusa chumvi. Uchachu huiamsha chumvi iliyomo. Thomu, pilipili, embe bichi na bizari hufanya kazi hiyo hiyo.

Kidonge cha supu ni chumvi kwa takriban nusu ya uzito wake. Kidonge cha gramu 10 kina kama gramu 5, yaani kiwango cha mtu mmoja cha siku nzima. Ukitumia kidonge, usitie chumvi nyengine chunguni.

Ng'onda, papa au nguru wa chumvi: kata vipande vidogo, roweka maji baridi saa tatu, badilisha maji kila saa, kisha chemsha mara moja na umwage yale maji. Vipande vikubwa havitoi chumvi ya ndani. Mchuzi wake usitiwe chumvi, na wali wa kulia mchuzi huo upikwe bila chumvi. Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea: samaki ana chumvi, mchuzi una chumvi, wali nao vile vile.

Kwenye paketi za dukani, palipoandikwa sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kwa miligramu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi.

Hatua ya 4: Soma mizani kwa akili

Pima asubuhi, umeshakwenda chooni, hujala, nguo zile zile. Pima mara tatu kwa wiki, chukua wastani, linganisha wiki na wiki.

Maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Mwili nao hulinda ukali unaokaribia huo, yaani gramu 9 za chumvi iliyozidi hushika kama lita moja ya maji, hivyo ukila karamu ya biriani, achari na krisps, asubuhi mizani inaweza kupanda kilo moja. Hayo ni maji. Kilo ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, hazipatikani kwa usiku mmoja. Vivyo hivyo zile kilo mbili za wiki ya kwanza nyingi ni maji: akiba ya wanga mwilini hukaa na maji, kila gramu na kama gramu 3 zake. Wanawake wajue pia kwamba siku za kabla ya hedhi mwili hushika maji bila kosa la mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

Assalamu alaykum. Nikitumia asali au sukari guru badala ya sukari nyeupe?

Waalaykumu salaam dada. Vyote vinatoka kwenye vile vijiko sita. Asali ni nzito: kijiko cha chai kina gramu 7, na ndani yake sukari kama 5 au 6, zaidi ya kijiko cha sukari yenyewe.

Napika chungu kimoja, na mume wangu akikosa chumvi hali. Nifanyeje?

Bibie, usimtangazie. Punguza robo kwa wiki mbili kama tulivyoeleza, zidisha ndimu na thomu, na kidau cha chumvi kisikae mezani. Ikibidi kabisa, pakua chako kwanza, kisha umalizie chumvi ya chungu.

Chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya Pemba si bora kuliko ya paketi?

Kwa sodiamu ni zile zile. Ya mawe huonekana si kali kwa sababu chenga zake huacha nafasi kijikoni. Jambo la kuangalia ni madini joto: nunua iliyotiwa, iwe imefungwa vizuri, na weka kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko. Upungufu wa madini joto huleta tezi la shingo.

Sukari nimeacha wiki tatu, mizani haitikisiki.

Angalia mafuta na tui. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, kijiko cha chai cha sukari ni 16. Chapati mbili na vitumbua vinarudisha yote uliyookoa kikombeni. Pima pia kiuno kwa utepe, kwenye usawa wa kitovu. Huenda kimepungua huku mizani imesimama.

Mwezi wa Ramadhani tende ngapi? Na daku?

Tende ndogo ina sukari kama gramu 5, zile kubwa nene hufika 16. Fungulia tatu ndogo au moja kubwa pamoja na maji, na siku hiyo uji usitiwe sukari. Daku usile ng'onda wala achari. Utashinda na kiu, na jioni kiu hiyo itakupeleka kwenye jagi la juisi.

Ami yangu ana kisukari, anachoma insulini. Nimuanzishe?

Usimuanzishe peke yako. Sukari ya chakula ikipungua na dozi ikabaki ile ile, sukari ya damu inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akatoka jasho, akazimia. Mpeleke kliniki kwanza warekebishe dozi. Na mwenye maradhi ya figo asinunue ile chumvi mbadala yenye potasiamu bila daktari kujua.