Foto ya kwanza na modeli hapa Goma: anzia kwa mwanga

Kama ndio mara ya kwanza unapiga foto ya mtu aliyekuja hasa kwa kupigwa foto, usianze kuwaza apareyi (kamera), waza saa. Hapa tuko karibu sana na ikweta, saa sita mchana jua liko juu ya kichwa kabisa na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi, kwa hiyo mwite modeli kwenye saa kumi na nusu hivi, na awahi, juu jua letu linashuka mbio.

Jua likiwa bado kali muweke barazani, ndani ya kivuli, atazame nje. Na hii wengi hawaioni: chini yetu ni mawe meusi ya volkano, hayarudishi mwanga usoni, ndio maana chini ya kidevu na macho panabaki giza. Tandika shuka nyeupe mbele ya miguu yake, utashangaa!

Lenzi 50mm, tundu la lenzi f/2.8, spidi ya kupiga isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, foksi (pale picha inapokuwa kali) kwenye jicho lililo karibu na wewe, basi. Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, apareyi inadanganyika inafanya uso giza, ongeza mwanga +1 kwa kitufe cha +/-.

Halafu ongea naye jamani. Muonyeshe foto za kwanza, muulize, dada, unapenda upande gani wa uso? Mikono ipe kazi, ashike kitenge ama kola. Na kabla hamjaachana mukubaliane foto gani zinaingia mtandaoni, asizotaka futa mbele yake.