Jinsi ya Kumwandika Jasusi Kijana Anayeishi kwa Jina la Bandia: Hatua kwa Hatua

Miswada mingi ya kijasusi ninayoletewa na waandishi vijana huanza na bastola. Ukurasa wa kwanza jasusi kavaa suti na miwani myeusi, ana pasipoti tano mfukoni, na kufika ukurasa wa kumi ameshaua watu wanne. Mtu wa namna hiyo hanitii hofu hata kidogo. Anayenitia hofu ni kijana wa miaka kumi na minane aliyepanga chumba uswahilini, anafua shati lake uani asubuhi, mara mama mwenye nyumba anaacha kuchambua mchele na kumwuliza: "Hivi wewe, mwanangu, ni mtoto wa nani?"

Kwetu hilo ndilo swali linalomkamata jasusi. Mwongozo huu wote unalizunguka. Nitatumia mhusika mmoja wa kubuni ili uone kazi inavyokwenda.

Hatua ya 1: Amua mji na mwaka kabla ya jina

Jina litakuja. Kwanza tafuta mji ambao watu wengi wana sababu ya kuuchunguza. Mimi nachagua Dar es Salaam, mwaka 1972. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapo tangu 1963. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ilizaliwa hapo Juni 1962 na ilikuwa na ofisi Mtaa wa Nkrumah, na kule Kurasini kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji iliyosomesha vijana wao. Vyama vingine vya ukombozi, ANC na PAC za Afrika Kusini, ZANU na ZAPU za Zimbabwe, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, vyote vilipita hapo. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa Oyster Bay na bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi. Baada ya hapo kila mgeni alitazamwa mara mbili. Huhitaji kubuni hofu. Mji tayari unayo.

Ukishachagua mwaka, utii. Usimpandishe mhusika daladala: ziliruhusiwa rasmi miaka ya 1980, na huyu atapanda basi la DMT, kampuni ya mabasi ya mji wakati ule. Usimweke mbele ya televisheni, maana Tanzania Bara haikuwa nayo hadi miaka ya 1990. Mpe redio. Polisi ya siri ya Ureno, PIDE, ilikuwa imebadilishwa jina mwaka 1969 ikawa DGS, lakini watu waliendelea kuiita PIDE, kwa hiyo kwenye mazungumzo andika PIDE na kwenye barua ya kiofisi andika DGS. Msomaji mzee akishakukamata kwa jambo moja la namna hii, hatakuamini tena hata ukisema jua linachomoza mashariki.

Hatua ya 2: Mpe sababu inayomuuma

Kijana wa miaka kumi na minane hafanyi ujasusi kwa itikadi tupu, na fedha peke yake haitoshi kumfanya avumilie miaka miwili bila kuitwa jina lake. Huyu wetu anaitwa Tomás, Myao kutoka Niassa, kaskazini ya Msumbiji, amesoma misheni ya Massangulo. Baba yake amefungwa Machava, gereza la wafungwa wa kisiasa karibu na Lourenço Marques, Maputo ya leo. Afisa wa DGS amemwambia kwa upole kabisa kwamba baba atapata dawa zake maadamu taarifa zinafika. Basi. Mama na wadogo zake wako kwenye kijiji kilichozungushiwa waya, kama jeshi la Wareno lilivyowaweka watu wengi wa kaskazini.

Sasa unaye mtu ambaye msomaji wa Kiswahili anapaswa kumchukia, kwa sababu anawauza wapigania uhuru, na hawezi. Ukikosa mgongano huo, bado hujapata riwaya.

Hatua ya 3: Mjengee ukoo

Hapa ndipo pa kukaa. Mimi hutumia muda mwingi zaidi kwenye hatua hii kuliko kuandika sura zote tatu za mwanzo.

Anza na kanuni: badilisha machache, acha mengi. Jina la kwanza liache. Mtu akiitwa ghafla sokoni hugeuka kabla hajafikiri, kwa hiyo Tomás anakuwa Tomasi. Ukatoliki wake uache pia. Mahali alipotoka pasogeze kidogo tu, avuke Mto Ruvuma. Na hapo swali la mama mwenye nyumba linaanza kudai majibu.

Ungeweza kumfanya Myao wa Tunduru. Lugha anayo, sura anayo. Lakini Wayao wamejaa Dar es Salaam, na Myao mwenzake atamfuata kwa upande wa mama: mjomba wako nani, bibi yako wa kijiji gani, ukoo gani. Maswali matatu na kijana ameisha. Kwa hiyo tunampa baba Mngoni wa Peramiho, mwenye jina la Ngonyani ambalo limejaa Songea nzima, na mama Myao wa Tunduru. Baba alikufa mapema, mtoto akalelewa kwa mjomba. Tazama hadithi hiyo inavyofanya kazi: akikutana na Mngoni anayeshangaa mbona Kingoni chake kibovu, jibu ni kwamba alikulia ujombani. Akikutana na Myao anayetaka kujua ukoo, jibu ni kwamba yeye ni mtoto wa Wangoni, waulize wao. Kila upande unamsukumia upande wa pili, na katikati kuna barabara mbovu ambayo hakuna atakayeisafiri kwa ajili ya kumthibitisha mpangaji.

Halafu kaa na daftari, ujibu haya yote hata kama hayataingia kitabuni. Nani alimwozesha mama? Baba alikufa kwa ugonjwa gani, akazikwa wapi? Kwa nini hakuna ndugu anayekuja kumtembelea, hata Krismasi? Barua zake zinatoka wapi? Mimi nampa shangazi Blantyre. Malawi ya Rais Banda ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Ureno, kwa hiyo barua inayokwenda kwa shangazi inaweza kuvuka kwenda kwa mabwana wa Tomasi, na hakuna mtu wa kusini atakayeshangaa kusikia kijana ana ndugu Nyasa. Aipeleke Posta mwenyewe, na jibu alifuate kwenye S.L.P. ya tajiri yake. Sanduku hilo la barua, lenye ufunguo mmoja ulio mikononi mwa mtu mwingine, litakupa taharuki kuliko bunduki.

Msomaji wa leo anaweza asijue, kwa hiyo umweleze: TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, wengine wakimwita balozi. Mgeni akilala, mjumbe anajua. Hana sare wala pingu. Anakuja jioni, anapewa kigoda, anauliza habari za safari. Mwandike kwa heshima. Ni mzee anayewapenda majirani zake, na ndiyo maana anatisha.

Hatua ya 4: Mpe kazi inayofungua milango

Kijana ana silaha moja ambayo jasusi mzima hana: watu wazima humtuma. Kijana aliyebeba kitu hahojiwi. Mpe kazi ya kubeba.

Tomasi ni msaidizi katika studio ya picha Kariakoo. Wapigania uhuru wanaokwenda kusoma Ulaya ya Mashariki wanahitaji picha za pasipoti, na wanakuja kwake wakiwa wamechana nywele. Huna haja ya kumtuma avunje kabati la mtu. Andika chumba cha giza kwa utaratibu, kitu kimoja baada ya kingine: taa nyekundu, harufu ya dawa puani, karatasi nyeupe ndani ya sinia la kusafishia, uso unaanza na macho, halafu mstari wa kola. Mteja ameagiza picha tatu. Tomasi anasafisha nne. Ya nne anaitundika nyuma kabisa, mgongo ukiwa nje.

Ujasusi wake wote uko katika picha hiyo ya nne. Usiupambe.

Hatua ya 5: Tafuta kinachomtoroka

Jina la bandia huvaliwa na ulimi, lakini kuna mambo ambayo mtu huyafanya kabla ulimi haujaamka. Kuhesabu ni moja. Aliyefundishwa hesabu kwa Kireno atahesabu kwa Kireno akiwa amechoka, hata kama midomo haitoi sauti. Sala ni jingine: Tomasi amejifunza "Salamu Maria, umejaa neema" neno kwa neno, ila radi ikipiga usiku kinachomjia ni "Ave Maria, cheia de graça". Tusi la maumivu, wimbo wa kubembelezea mtoto, namna ya kumwita paka, vyote viorodheshe. Kisha chagua viwili tu kwa riwaya nzima. Ukivitumia vyote utamfanya mjinga, na msomaji atajiuliza mbona hajakamatwa tangu juzi.

Hatua ya 6: Mtihani wa kwanza usitoke kwa polisi

Sura ya mtihani ndiyo inayoonyesha kama ukoo uliomjengea una nyama. Waandishi wengi huleta kizuizi cha barabarani. Mimi naleta msiba.

Mngoni mmoja wa mtaani Magomeni amefariki. Wangoni na Wahehe walipigana sana karne ya 19, na vita vile vikazaa utani ambao wazee wanauheshimu hadi leo. Msibani mtani ana ruhusa: atazuia jeneza, ataingia kaburini akatae kutoka mpaka alipwe, atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Mfiwa hakasiriki. Anajibu kwa matusi yale yale, na kilio kinapata pa kupumulia. Mtoto wa Mngoni huyajua haya kabla hajajua kusoma. Tomás hakufundishwa na mtu. Nimeiandika hivi:

*Mzee wa Kihehe alikuwa amelala chali juu ya udongo, kofia kifuani.*

*"Simzikishi mtu! Huyu alikufa na deni langu la mbuzi. Nani Mngoni hapa anilipe?"*

*Watu walicheka. Mtu akamsukuma Tomasi mbele. "Ngonyani huyu hapa, mzee!"*

*"Ahaa! Ngonyani!" Mzee akainuka, akamshika ukosi. "Wezi wakubwa nyie. Babu yako alinikimbia uchi. Lete hela, mtumwa wangu!"*

*Tomasi aliinamisha kichwa. "Samahani, mzee wangu," alisema. "Shikamoo."*

*Kicheko kilikatika upande mmoja, kikaendelea upande mwingine. Mzee aliachia ukosi taratibu. Nyuma yake Mama Komba, aliyezaliwa Songea, aliacha kujifuta machozi na kumtazama kijana kuanzia viatuni.*

Angalia kilichomponza. Adabu. Kila mahali pengine katika kitabu heshima ndiyo ngao yake. Hapa, kwa mara ya kwanza, alitakiwa kumwambia mzee wa watu kwamba ni mla mbwa na amtoke mbele. Hakuna aliyemshtaki. Mama Komba hakusema neno siku ile, na wewe usimharakishe. Mwache akae na jambo lake sura tatu nzima, huku akiendelea kumletea kijana maandazi. Siku atakayomwuliza, asiulize "wewe ni nani?" Amwombe amsimulie walivyokuwa wakiadhimisha kwao mashujaa wa Maji Maji walionyongwa Songea 1906. Kila mtoto wa pale amesimuliwa habari za Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni. Kijana akitaja jina la nduna lakini asijue nyimbo, yule mama ameshapata jibu lake.

Nikisoma mswada natafuta tukio la namna hii kabla ya kitu kingine. Likiwepo, mengine yanarekebishika.

Hatua ya 7: Rafiki

Mpe rafiki mmoja wa rika lake, na awe mtu wa kweli kwa Tomasi. Kijana wa FRELIMO anayesubiri nafasi ya kwenda kusoma Bulgaria anafaa. Wacheze bao, waazimane shati. Siku moja rafiki aje kupiga picha za pasipoti, tatu. Hapo usimweleze msomaji anachohisi Tomasi. Mrudishe kwenye chumba cha giza, uhesabu karatasi.

Hatua ya 8: Malizia pale mwajiri anapokufa

Historia imekupa mwisho, usiukimbie. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliipindua serikali Lisbon, na DGS ikaanguka nayo. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Jasusi wetu ana miaka ishirini na moja, hana wa kumwandikia Blantyre, na jina lake la kweli liko kwenye mafaili ambayo sasa yanaweza kufunguliwa na wale aliowauza.

Naona njia mbili zenye uzito. Ya kwanza, abaki Magomeni awe Ngonyani milele, aoe, azae watoto watakaoandikwa Wangoni, na Mama Komba peke yake ajue. Hii inahitaji sura ya mahari, kwa sababu wakwe watauliza lile swali la mwanzo kwa nguvu zao zote na safari hii lazima wazee wa upande wake waonekane. Nani atakuja kukaa mkekani kama baba mdogo?

Ya pili, arudi kumtafuta baba yake. Mwaka 1978 serikali ya Samora Machel iliwataka watu waliowahi kushirikiana na Wareno kutundika picha na maelezo ya maisha yao kwenye sehemu zao za kazi, wenzao wawasome. Kwa kijana aliyeishi kwa kuiba nyuso za watu, unaona mwenyewe sura hiyo inavyojiandika. Ukichagua njia hii, rudi sura ya studio uhakikishe mteja mmoja, mapema sana, amemwuliza kwa nini kuna picha imetundikwa imegeuzwa mgongo, na Tomasi amempa jibu ambalo msomaji atalikumbuka.