Pima upinde kwa urefu wa mvuto wako kabla ya kulipa
Anayeagiza upinde wa kuwindia kwa fundi, iwe kwa Wasandawe wa Chemba au kwingineko mkoani Dodoma (kibali cha kuwinda ni suala jingine, nalo halikwepeki), asichague kati ya pinde mbili kwa kuhisi ugumu wake tu, bali anase ugwe (kamba ya upinde) kwenye kulabu ya mizani ya kuning'iniza, avute hadi pale mkono wake unapofika anapolenga (huo ndio urefu wa mvuto wake), asome uzito hapo, kisha aurudishe taratibu, kwa sababu kuuachia ugwe bila mshale kunaweza kuuvunja upinde. Nguvu ya upinde huongezeka kadiri unavyovutwa: wenye nguvu ya kilo 20 ukivutwa hadi sentimita 71 hupungua takriban kilo moja kwa kila sentimita 2.5 usizozifikia, kwa hiyo mwenye mikono mifupi hulipia nguvu asiyoipata. Kipimo hiki hudanganya iwapo mti haujakauka vizuri, kwani upinde huo hubaki umejikunja baada ya matumizi na kulegea. Wala hakionyeshi kama nusu zote mbili za upinde hupinda sawasawa. Hilo litazamwe kwa macho, upinde ukiwa umevutwa na mtu mwingine.