Wimbi hugeuka kimea, au huharibika, ndani ya gunia

Busaa, pombe ya kienyeji ya unga na kimea (nafaka iliyooteshwa ikakaushwa), ikikataa kuchangamka, watu wengi huku Busia na Kakamega hulaumu unga au maji. Mara nyingi kosa lilifanyika siku kadhaa kabla, wimbi ikiwa bado inaota.

Anza kwa kuhesabu. Funga punje 100 kwenye kitambaa kibichi kwa siku mbili au tatu. Zikiota chini ya 90, saga uji. Nafaka iliyovunwa juzi yaweza kugoma kuota ingawa ni nzima. Iache mwezi mmoja au miwili, ujaribu tena. Usiguse mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya waridi, buluu au kijani. Dawa hiyo haiishi kwa kuoshwa.

Pepeta, osha, loweka kwa saa 24. Punje iliyolowa inapumua, kwa hiyo mwaga maji kila baada ya saa nane, iache wazi nusu saa, kisha utie mengine.

Sasa gunia. Tumia la katani lililofuliwa, au majani ya mgomba. La mbolea halifai hata ulisugue namna gani. Tandaza unene wa vidole vitatu, funika, geuza asubuhi na jioni huku ukinyunyiza maji kidogo. Hapa ndipo pa kuwa macho: nafaka inayoota hutoa joto lake yenyewe. Ingiza mkono katikati; ukihisi joto kama la mtoto mwenye homa, punguza unene mara moja. Wimbi na mtama hupenda nyuzi 25 hadi 30, ndiyo maana Kisumu huota upesi. Shayiri ya Mau Narok, kule milimani, hutaka ubaridi wa nyuzi 15 hivi, na ukiiotesha kando ya ziwa ukungu utakutangulia.

Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, tupa rundo lote, na kuku wasilifikie. Najua inauma. Lakini sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemshwa.

Siku ya pili au ya tatu vizizi vyeupe hushikana. Usingoje majani ya kijani, kwani mche unakula wanga ule ule unaoutaka wewe. Anika juu ya turubai, safu nyembamba, na uingize ndani jioni kabla ya umande. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Kisha fikicha na upepete machipukizi yatoke. Kwa mtama hili ni lazima, maana machipukizi yake yana kitu kinachotoa sianidi. Usiwape hata mbuzi.

Siku ya kupika, acha unga wa busaa uliokaangwa upoe kabla ya kutia kimea. Vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hufa kwenye joto kali, na vikifa hapo, chachu haitakuwa na sukari ya kutosha.